Kipande chako hakijajaa

Mlinzi alinisogezea kaunta buku, kalamu imefungwa kwa uzi wa katani isipotee, akaniambia andika hapo mama, jina, saa, unamwona nani, uhusiano, namba ya simu.

Siku hiyo sikuwa na wa kumwona. Nilikuwa nimepeleka mashuka 24, kina mama wa jumuiya yetu walichanga wakanunua jora la kitambaa wakaniletea nishone, na mimi ndo nikajitolea kuyafikisha kwa sababu makazi yale ya wazee nayajua, nimeingia na kutoka pale miaka. Bamkubwa wangu aliishi pale mpaka alipofariki 2023.

Sasa kurasa zilikuwa zimeisha. Mlinzi akaingia kibandani kwake kutafuta buku jipya, akatoka na rundo zima akalibwaga mezani akawa anapekua. Moja juu ya gamba limeandikwa kwa makapeni: WAGENI 2020/2021.

Miaka miwili kaunta buku moja, na hata nusu hawakufika.

Nikalifungua, hakuna aliyenikataza. Nilikuwa natafuta jina langu, nadhani nilitaka tu kuona mwandiko wangu ukiwa jirani na jina la bamkubwa. Nikaliona haraka. Jumapili tarehe 8 Machi 2020, nimeingia saa nane mchana, uhusiano nimeandika "mtoto". Nikafunua ukurasa. Nikafunua mwingine. Nikaendelea kufunua mpaka mlinzi akaniuliza mama kuna kitu umepoteza?

Mstari wangu unaofuata ni wa Jumapili tarehe 12 Septemba 2021.

Miezi 18. Kichwani kwangu siku zote ilikuwa mitatu, sana sana minne. Watu wakiniuliza nilikuwa nawajibu "korona ilitutenganisha na mzee" na sikuwa nadanganya, yaani nilikuwa naamini kabisa ninachosema. Sasa hii ni wiki ya sita tangu nilione lile buku na bado nikikaa kwenye cherehani mkono unasimama wenyewe.

Alifikaje pale

Najua kuna mtu atauliza, mzee ana ndugu, inakuwaje analelewa makazi ya serikali? Na ana haki ya kuuliza, hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema makazi ni hatua ya mwisho, wa kwanza kumtunza mzee ni familia yake.

Sisi ni Waha wa Kasulu, ila mimi nimezaliwa Tabora hapahapa, Isevya, na Kiha changu ni cha kusalimia tu, mwakeye, bas, hapo nimemaliza. Bamkubwa ni kaka yake baba, baba mmoja mama tofauti. Alipanda treni Kigoma ndevu hazijaota akaenda Tanga kukata mkonge, manamba, kama walivyoenda Waha wengi wa rika lake. Akapotelea huko. Nyumbani walishaweka matanga. Kumbe mwenzao yupo, alikata mkonge mpaka mashamba yakaanza kufa, akawa mlinzi, akawa kibarua, mke akamfia, mtoto hawakujaliwa, na mwaka 2014 akaamua arudi zake Kigoma mwisho wa reli. Hakufika. Alishushwa stesheni ya Tabora anaumwa hajitambui, akalazwa, alipopata nafuu hamna anayemjua, ustawi wa jamii wakampeleka makazi.

Tulikuja kujua 2016. Kuna mtu alienda kusali na wazee akarudi akasema pale kuna Muha mmoja anataja jina la babu yenu.

Tulikimbia kwenda kumchukua. Akakataa.

Alisema hapa nina kitanda changu na wenzangu, nikija kwenu nitakuwa mgeni mpaka nakufa. Baba alilia pale chini ya mwembe kama mtoto. Ndo tukakubaliana kwamba yeye atabaki, sisi tutakwenda. Baba alipofariki 2018 zamu ikabaki kwangu, Jumapili ya pili ya kila mwezi, na mgebuka wa kukaanga na kichupa cha mawese, maana alikuwa anasema ugali usiopita kwenye mawese haujui njia ya tumboni. Na aliniita "mama", kwa sababu nina jina la mama yake.

Karatasi getini

Tarehe 16 Machi 2020 waziri wa afya akatangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha, kesho yake shule zikafungwa. Wiki hiyohiyo makazi wakaweka ndoo ya maji tiririka na sabuni getini, na karatasi: WAGENI HAWARUHUSIWI.

Karatasi ile sikuilaumu na siilaumu mpaka leo. Wazee wanalala chumba kimoja watu wanane, wanakula kutoka sufuria moja, huyu ana sukari, yule ana presha, yule kifua kimeshakuwa cha kudumu. Ugonjwa ule ukishaingia mle hauchukui mtu mmoja. Na hauna miguu, unaletwa na anayetoka nje, mhudumu au mgeni kama mimi ambaye jana alikuwa Soko Kuu, asubuhi alikuwa kanisani, na hajisikii kuumwa hata ukucha. Hapo ndo palikuwa pabaya pake, unaubeba bila kujua umeubeba.

Lakini kumbuka hapa kwetu hatukufungiwa ndani. Soko wazi, kanisa wazi, msikiti wazi, tarehe 17 hadi 19 Aprili tukafanya maombi ya siku tatu taifa zima, tukajaa. Mlango pekee uliofungwa kwenye maisha yangu ulikuwa wa bamkubwa. Na kila nikilala nikawa na majibu mawili yanagombana. La kwanza linasema ni sawa kabisa, kwa kuwa sisi tumeachwa tuzurure hivi ndo maana wao wafungiwe, hatari ni sisi. La pili linasema kama naruhusiwa kubanana benchi moja na watu kumi tunaimba, iweje nisiruhusiwe kukaa mwembeni hatua tatu kutoka kwa mzee mmoja, kwenye upepo, mdomo umezibwa?

Yote mawili bado nayaona ni ya kweli. Sijaweza kuchagua.

Kilichoniuma ni kwamba wazee hawakuelezwa, au walielezwa kwa haraka na kwa maneno ya redioni, "maambukizi", "tahadhari", "miongozo". Bamkubwa alikuwa mtu wa mkonge, mwambie upepo umebeba ugonjwa, atakuelewa. Mwambie miongozo, atakuitikia tu kwa heshima.

Kwenye minyaa

Mwezi wa tano nikashindwa kuvumilia. Kulikuwa na mhudumu mmoja dada wa watu, nikampigia, akasema njoo upande wa nyuma kwenye ua wa minyaa, nitamtoa umwone. Nikamwita kijana wangu wa boda, yuleyule aliyekuwa ananipeleka kila Jumapili, tukaenda.

Bamkubwa akaletwa akakalishwa kwenye kigoda upande wa pili wa minyaa, kama hatua sita. Wamemvalisha barakoa ya hospitali, imeshuka chini ya pua. Mimi nimevaa ya kitenge. Nikamwamkia shikamoo baba. Kimya. Nikapaza sauti, kimya. Ndo nikagundua kitu ambacho miaka minne sikuwahi kukijua, kwamba masikio ya bamkubwa yalishaondoka zamani, alikuwa ananielewa kwa kuniangalia mdomo.

Nikaishusha barakoa. Mhudumu akasema hapana dada pandisha, tafadhali. Alikuwa sahihi. Nikapandisha.

Sasa unamwambiaje mzee wako kwamba umemkumbuka, kwa kupiga kelele kama unaita basi linaondoka stendi? Vitu vingine havipigiwi kelele. Nikaweka mfuko wa mgebuka chini, nikarudi nyuma ili mhudumu auchukue. Bamkubwa alikuwa anautazama ule mfuko pale chini. Akanyanyua macho akaniuliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Mama, nimepata ukoma?"

Nataka niseme kidogo kwa nini aliuliza hivyo, maana hakuwa amechanganyikiwa. Baadhi ya makazi ya wazee nchini kwetu yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na wazee wanazijua hizo habari, wanasimuliana usiku. Na yeye mwenyewe alikulia Uha enzi ambazo mwenye ukoma anajengewa kibanda pembeni, ndugu wanakuja mpaka umbali fulani, wanaweka chakula chini, wanarudi nyuma. Sasa mimi nilifanya nini siku ile? Nilisimama nje ya ua, nimeziba pua na mdomo, nikaweka chakula chini.

Nikarudi nyuma.

Nilipiga kelele baba hapana, ni ugonjwa wa dunia nzima, mimi ndo naogopa nisikuletee. Akaitikia kwa kichwa mara mbili tatu, kwa ile adabu ya mtu ambaye hajasikia hata neno.

Nilipofika kwenye pikipiki nililia mpaka kijana wa watu akazima injini akakaa chini kunisubiri. Na nikiwa pale pale nimeshika siti nikajiambia, kwenda kule ni kumtesa mzee, bora nikae mpaka yaishe. Nimelirudia sana hilo wazo wiki hizi sita. Lilikuwa na sura ya huruma kabisa.

Cherehani

Kile kipindi nilipata hela kuliko mda wowote tangu nianze ufundi. Barakoa za kitenge, elfu moja moja. Kitenge juu, bafta ndani, mikunjo mitatu, pindo, lastiki pembeni, na lastiki ilipoadimika madukani tukahamia kamba za kitambaa. Nilikuwa nashona mpaka saa tano usiku, mtoto anapiga pasi, sakafu yote vipande.

Nikashona 60 za makazi. Zile nilizikalia vizuri, niliwawekea kamba laini za kufunga kisogoni kwa sababu lastiki inawakata wazee masikio, na ya bamkubwa niliichagulia kitenge cha rangi ya chungwa ili macho yake yaione. Nikampa kijana wa boda apeleke, na mgebuka, na mawese. Nikamlipa elfu tatu kwenda na kurudi. Mwezi uliofuata nikamtuma tena. Na mwingine tena.

Moyo ukatulia. Na hapa ndo nataka nijishike mwenyewe, maana utulivu ule haukuwa wa bure. Ukituma mzigo unabaki mtu mwema, jina lako linafika, samaki wanafika, na uso wa mtu huuoni. Hata Mungu akikuuliza una la kujibu, nilituma.

Simu nayo nilijaribu. Napiga kwa yule mhudumu, anampelekea bamkubwa. Alikuwa anaishika kama kipande cha muhogo, sikio liko huku, sauti inatokea kule, anasema haloo, haloo, nani, haloo, dakika nzima inaisha. Alafu namsikia kwa mbali anamrudishia mwenyewe simu yake.

"Hamna mtu humu."

Baada ya mara ya tatu nikaacha kupiga.

Kioo

Nina rafiki tulisoma wote, yuko Uingereza, kazi yake ni hiyohiyo ya kutunza wazee kwenye makazi. Kipindi kile tulikuwa tunatumiana voisi usiku yeye akitoka zamu. Kwao ilikuwa kufungiwa kweli, wazee wamekufa kwenye makazi kwa maelfu, na Aprili 2022 Mahakama Kuu ya kwao ikasema ule utaratibu wa mwanzoni wa kutoa wagonjwa hospitali na kuwaingiza makazi bila kujali kwamba mtu anaweza kuambukiza huku haonyeshi dalili, haukuwa halali. Yaani wageni wamezuiwa mlangoni, ugonjwa umepitishwa kwenye gari la wagonjwa.

Alinisimulia watoto wanavyokuja kusimama nje ya dirisha, mvua inanyesha, wameandika maneno kwenye kadibodi kwa herufi kubwa, mama yuko ndani anaweka kiganja kwenye kioo na wao wanaweka cha kwao nje. Kazi yake ya mwisho jioni ilikuwa kufuta madirisha. Akaniambia upande wa ndani nafuta, wa nje huwa naacha mpaka asubuhi, zile alama za mikono.

Kuna nchi walifika mbali zaidi, Italia pale Castelfranco Veneto makazi mamoja walitengeneza chumba cha kukumbatiana, pazia zito la plastiki lenye mikono, unaingiza mikono yako unamkumbatia mzazi wako bila kumgusa. Niliona picha nikasema wazungu bana. Sikuwaelewa. Saivi naielewa ile plastiki kuliko nilivyoelewa kitu chochote.

Kwao Uingereza ndugu walipiga kelele, wakaandamana, wakaandika barua, wakaenda kwa mawakili, wakidai tu kuingia kumwona mzazi. Mpaka tarehe 8 Machi 2021 serikali ikaruhusu kila mzee awe na mgeni mmoja mwenye jina lake, aingie ndani, na wanaweza kushikana mikono. Kukumbatiana bado. Rafiki yangu alilia kwenye ile voisi, anasema leo nimeona mzee wa miaka 90 ameshikwa mkono na mkewe hawataki kuachiana, nikamjibu kwa emoji tatu za kulia.

8 Machi 2021. Mwaka mmoja kamili tangu mstari wangu wa mwisho kwenye buku la getini. Na geti la kwetu wakati huo halikuwa limefungwa tena.

Lilifunguliwa lini

Lilifunguliwa Julai 2020. Shule zilirudi tarehe 29 Juni, wiki chache mbele makazi nao wakabandua karatasi. Nina ushahidi, yule mhudumu alinitumia meseji na sijaifuta: "Dada wageni wanaruhusiwa, kunawa na barakoa tu." Na jibu langu lipo chini yake: "Asante sana dada ntakuja wiki hii."

Agosti kulikuwa na sare za shule. Septemba, sikumbuki. Oktoba joto la Tabora mnalijua. Novemba mvua. Nimejaribu kukaa na daftari langu la oda nijue kila Jumapili ya pili nilikuwa wapi na kuna Jumapili hamna kitu, nilikuwa nyumbani tu, nimefua.

Alafu ikaja Januari na Februari 2021, ile tuliyokuwa tunaiita changamoto ya upumuaji, mnakumbuka, kila siku msiba, kila nyumba inanuka mwarobaini na mikaratusi, watu chini ya blanketi wanajifukiza. Hapo kutokwenda sijutii. Hapo niliogopa kwa haki. Lakini nimekuwa nikiitumia ile miezi miwili kufunika mingine yote, kama mtu mwenye shuka dogo anavuta huku miguu inabaki nje.

Ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa lile swali. Niliogopa nifike, aniulize tena mbele za watu, na mimi tena nishindwe kumjibu akasikia.

Na sikuwa peke yangu, hili nalo lilinikaba pale getini. Januari na Februari ya 2020 yale majina yanayojirudia, mtoto, mjukuu, dada, shemeji, yamejaa kurasa. Baada ya geti kufunguliwa vinatosha vidole vya mkono mmoja. Vikundi vilirudi, Oktoba mosi Siku ya Wazee wamejaa, wamekuja na sabuni na mchele na kamera. Ila wale wa Jumapili wengi hawakurudi tena. Sidhani kama waliacha kuwapenda wazee wao. Nadhani kilitokea kilichonitokea mimi, kwamba tulizuiwa miezi kama minne, tukaona kumbe maisha yanawezekana bila ile safari, na hakuna aliyetusema, maana nani atamsema mtu anayeogopa korona?

Kipande

Rais Samia alizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, akachanjwa mbele ya kamera. Wa kwanza walikuwa watumishi wa afya, wenye magonjwa sugu, na wenye miaka 50 kwenda juu. Mtaani maneno yalikuwa mengi, mimi mwenyewe nilisitasita, mwishoni nikaenda, sindano moja ile ya Janssen. Na siku nilipochanjwa nikajikuta sina sababu hata moja iliyobaki. Zote zilikuwa zimeisha mkononi.

Nilipofika, bamkubwa alishachanjwa kabla yangu, alisaini kwa dole gumba. Alikuwa amekonda, kichwa kimekuwa cheupe chote. Tulikaa mwembeni. Nilivaa barakoa, nikawa naishusha kidogo kila nikitaka kusema kitu, nimejitenga hatua mbili upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwangu, nilishajifunza. Akala mgebuka mmoja mzima. Alafu akanyoosha mkono nimpe wangu, akaugeuza, akawa anaangalia ncha za vidole vyangu palipochomwa chomwa na sindano ya cherehani, akapitisha kidole chake pale taratibu kama anasoma. Akasema:

"Mama, kipande chako hakijajaa."

Kwa wasiojua, kwenye mkonge kipande ilikuwa kadi. Una siku 30 za kujaza. Ukimaliza kazi ya siku unaandikiwa, ukilala huandikiwi, na mpaka kijae ndo unalipwa. Wazee wawili waliokuwa karibu walicheka na mimi nikacheka, nikamwambia nitakijaza bamkubwa, nitakijaza. Na kweli tangu siku ile sikukosa Jumapili ya pili mpaka anafariki, na tulimzika vizuri, watu walikuwepo. Miaka yote nimekuwa nikisimulia ile sentensi kama utani wake mzuri kuliko wote.

Mpaka nilipofungua lile buku nikaona mstari baada ya mstari pasipo na mimi. Alikuwa anajua hesabu yake.

Boda Isevya

Sijamaliza kusema nilichokiona.

Kwenye ile miezi 18 bamkubwa alikuwa na mgeni. Mwandiko wa herufi kubwa, umebanana, umelalia kushoto. Jina sikulijua, nilichokijua ni namba ya simu, maana ninayo, nimeihifadhi "Boda Isevya". Mara tatu za kwanza kwenye uhusiano ameandika MLETA MZIGO. Hizo ni zangu, ni siku nilizomtuma na kumlipa. Baada ya hapo sikumtuma tena. Mistari haikukoma. Agosti, Septemba, Oktoba mara mbili, MLETA MZIGO, na hamna aliyempa mzigo. Desemba 2020 neno likabadilika bila maelezo. MTOTO. Na likabaki hivyohivyo mpaka mwisho wa buku.

Miaka yote ile nimekaa nyuma ya mgongo wake, kila Jumapili, sikuwahi kumuuliza ni wa wapi.

Ilinichukua wiki tano kwenda kijiweni. Juzi nikaenda. Nikamkuta anapangusa tangi, nikamwambia nimeona buku la getini. Akainama akaendelea kupangusa palepale, kama mtu aliyekamatwa na kosa.

Akasema, "Mi Muha wa Kibondo dada. Siku ile ya kwanza nilimwamkia tu mwakeye, akanishika mkono hakuniachia."

Nikamuuliza mlikuwa mnaongeaje, mzee alikuwa hasikii. Akashangaa kidogo. Akasema Kiha alikuwa anasikia, nikimwinamia upande wa kulia nikasema taratibu, barakoa nimevaa, anasikia vizuri tu. Alikuwa anamsimulia mashamba ya Tanga. Alikuwa anamuuliza mto wa kwao bado una maji. Baba wa yule kijana alikufa yeye yuko tumboni, akaniambia nilikuwa sijawahi kuulizwa na mzee nimekula nini.

Na ule ukoma? nikamuuliza. Aliwahi kukuuliza?

"Aliuliza siku ya kwanza. Nikamwambia kwa Kiha. Akasema ahaa."

Nilikaa kwenye benchi la kijiwe. Wenzake wakawa wanapata abiria wanaondoka mmoja mmoja, yeye alikataa wawili. Nikajikaza nikamuuliza nililoendea.

"Alikuwa ananiulizia?"

"Kila Jumapili ya pili. Anahamisha kigoda anakigeuzia getini."

"Ukawa unamwambia nini?"

"Namwambia dada amesafiri. Amefuata vitambaa Dar."

"Miezi yote hiyo?"

"Mara Dar, mara Mwanza. Kuna siku nilikupeleka hadi Kampala."

"Akawa anaamini?"

Akatikisa kichwa, kitambaa bado kiko mkononi.

"Hapana dada. Ila alikuwa anapenda nimwambie. Nikichelewa kusema ananianzishia mwenyewe, haya niambie, leo mama yuko mji gani."